Kisahani cha Dari Siku ya Nikahi ya Hodan

Nyinyi vijana mtakaosoma haya mmelala kwenye kochi na simu zinashika vizuri, someni polepole na msinicheke kabla sijamaliza, kwa sababu aibu niliyoipata siku ya nikahi ya mjukuu wangu Hodan ilienea Garissa kabla ya magharibi, na afadhali muisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa Halima jirani yangu, ambaye kila akisimulia ananiongezea urefu wa pipa.

Nyumba yangu ni ya mawe, vyumba viwili na sebule, bati juu na dari ya mbao chini yake, na humo ndani simu ilikuwa haishiki kabisa. Ukitaka kuongea utoke mpaka getini, usimame kando ya mwarobaini, upige kelele, na bulla yote, mtaa mzima, ijue mbuzi gani anaumwa na nani amemkasirikia nani. Mimi sikuona ubaya. Mtu akiongea getini anajua anasikika, kwa hiyo anachagua maneno. Ndani ya nyumba ndipo watu hujisahau.

Basi Hodan akaposwa na Yusuf, kijana wa Masalani, na siku ikawekwa, lakini mwanangu Bishar, baba yake Hodan, alikuwa Rhamu na mvua ilikuwa imekata barabara. Sheikh akasema hakuna shida, Bishar atapiga simu amtaje mdogo wake awe wakili wa kumwozesha binti. "Lakini sauti yake niisikie mimi na mashahidi waisikie, hapa hapa tulipokaa," akasema. "Sitaki mtu aniletee habari kutoka getini." Ndipo wakwe wakasema watatuwekea busta, kifaa cha kuongeza netiweki ndani ya nyumba.

Mimi sikuwaomba, hilo mlishike.

Akaja fundi, jina lake Noor, rafiki yake Yusuf. Akasimamisha mlingoti kando ya jiko, juu yake antena inayotazama mnara wa simu, waya ukaingia ndani kwenye kisanduku chenye taa za kijani, na kutoka kwenye kisanduku waya mwingine ukaenda mpaka kwenye kisahani cheupe alichokibandika kwenye dari ya sebule, juu kabisa ya mkeka wangu, pale ninapoketi na kusema ninayoyasema.

Nikamuuliza, "Hicho cha juu kazi yake nini?"

"Ayeeyo," akasema, maana vijana wote huniita hivyo, bibi kwa Kisomali, "hicho kinamwaga netiweki humu ndani, na mkiongea kwa simu kinachukua maneno kinayapeleka nje mpaka kwa mnara."

Alisema hivyo akitabasamu. Kinachukua maneno, kinayapeleka nje, na kimeletwa na wakwe! Siku hiyo nzima nilikitazama kile kisahani, na zile taa nazo zilinitazama.

Jioni, nikiwa kwenye mkeka, nikasema maziwa ya ngamia ya sokoni siku hizi ni maji matupu. Kesho yake asubuhi nani anabisha hodi? Mtu wa wakwe na dumu la maziwa ya ngamia, mazito, yananukia moshi vile inavyotakiwa. "Tumesikia Ayeeyo hapati maziwa mazuri." Mmesikia wapi? Akacheka tu. Mimi sikucheka. (Maziwa niliyanywa, maziwa hayana kosa.) Nikasema ngoja niwapime. Nikakaa chini ya kisahani, nikainua uso, nikasema kwa sauti ya kutosha kwamba goti langu la kushoto linaniuma. Haikupita siku mbili yakaja mafuta ya kuchua.

Hapo nikawa sina shaka tena. Na mfahamu kwa nini nilikosa usingizi: chini ya kisahani hicho hicho nilikuwa nimeshasema kwamba Mzee Dahir, ami yake Yusuf na msemaji wao, anaongea kama dalali wa mbuzi kwenye mnada, na kwamba Masalani mbu watammaliza mtoto wetu. Na asubuhi ya nikahi ndugu zangu wote wa kike wangejaa hapo sebuleni kabla ya wanaume kufika, na midomo ya ndugu zangu naijua, mimi nikilinganishwa nao ni bubu.

Basi asubuhi hiyo mapema, wenzangu wakiwa bado wamelala, nikapanda juu ya meza nikakibandua kile kisahani. Sikutaka kuchomoa umeme kwa sababu taa zingezimika na wakwe wangejua nimewagundua. Pale dari ilipobaki na alama nikatundika kitambaa cha mapambo. Waya ulikuwa mrefu, nikaupitisha dirishani, ukafika mpaka kwenye mlingoti wao wenyewe, nami nikaviringisha pipa, nikapanda (mimi, na goti hili), nikakifunga kisahani kando ya ile antena, uso kwa uso, kwa mtandio wangu wa njano. Nikakiambia, haya, ongeeni wenyewe kwa wenyewe, na mkichoka wasikilizeni makorongo wa jalalani. Bishar akipiga tutatoka getini kama zamani, sheikh ana miguu.

Wageni wakafika, wanaume wakaketi sebuleni, sisi wanawake chumbani nyuma ya pazia. Wakati wa Bishar kupiga ukafika, simu kimya. Sheikh akaitazama simu, akaigeuza, akaitazama tena. Wakatoka getini. Hata getini hakuna kitu! Pale pale chini ya mwarobaini ambapo simu haijawahi kukataa tangu simu zije, hakuna kitu. Nikachungulia dirishani, nikaona majirani wametoka nje wameinua simu juu kama wanaomba mvua, na Halima mwenye duka anabishana na mteja aliyekumbatia unga na hawezi kulipa kwa simu. Bulla yote imekatika.

Wanaume wakarudi ndani. Wakangoja. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Mwishowe Mzee Dahir akakohoa.

"Mimi nasema wazi. Mtu asiyetaka kuoza binti yake huzima simu. Kama Bishar amebadili moyo, si aseme? Sisi tunarudi Masalani leo, na mlango tuliotoka hivi hatuubishi mara ya pili."

Hodan akanishika mkono, hina bado mbichi, ikanichafua mpaka kwenye kiwiko. "Ayeeyo, wataondoka. Wallahi wataondoka."

Mtu mwenye akili angefikiri kidogo hapo. Mimi nilifungua pazia nikatoka mbele ya wanaume wote.

"Mwanangu hazimi simu!" nikasema. "Nyinyi ndio mmezima. Mmeleta chombo cha kusikiliza nyumba yangu, mmesikia mliyoyasikia, sasa mnatafuta njia ya kukimbia!"

Mzee Dahir akaweka kikombe chini taratibu. "Tumesikia nini, mama?"

"Mnajua mlichosikia."

"Hatujui. Tuambie."

(Mtego huo. Nikijibu nimejitaja mwenyewe.) Nikageukia upande mwingine. "Wewe Noor! Simama, fungua hilo sanduku mbele ya sheikh na mashahidi, tuone kuna nini ndani! Mimi sijaligusa." Na ni kweli, sanduku sikuligusa.

Noor akasimama, akakiinamia kisanduku. "Mbona taa nyekundu?" Akatazama juu. Akafunua kitambaa changu cha mapambo. "Kisahani kiko wapi?" Akaushika waya, akaufuata mpaka dirishani, akatoka nje, na watu wote wakamfuata, sheikh, mashahidi, bwana harusi na kanzu yake, na wanawake nao wakamiminika nyuma yangu, nami katikati nikitembea kama mtu anayepelekwa kwa chifu.

Mtandio wa njano ulikuwa unapepea juu ya mlingoti kama bendera. Hakuna mtu bulla yetu asiyeujua mtandio ule.

Na Halima, kutoka upande wa pili wa ua, kwa sauti yake ile: "Ayeeyo! Kumbe ndilo ulilokuwa unafanya? Nilikuona asubuhi juu ya pipa, nikadhani unaanika nyama!"

Watoto walianza kucheka, wakafuata wanawake, nikamwona sheikh anauma ndevu. Noor peke yake hakucheka. Alichomoa umeme, akapanda akafungua mtandio, akanirudishia kwa mikono miwili. "Ayeeyo, unajua kipaza sauti cha msikiti kikiletwa karibu na spika kinavyolia mpaka watu wanaziba masikio? Hivi viwili navyo vikikutana ni hivyo hivyo, vinapigiana kelele, na mnara wote hausikii simu ya mtu." Kabla hajamaliza, simu zikaanza kulia, mifukoni, dukani, nyumba za jirani, bulla yote kwa pamoja.

Akakirudisha kisahani darini na kuwasha taa zake. Simu ya sheikh ikalia ndani ya sebule, juu ya mkeka wangu, na sauti ya mwanangu ikatoka wazi kama amekaa nasi. "Napiga mpaka nimechoka! Kuna nini? Wamekataa?"

Watu wote wakanitazama mimi.

"Hawajakataa," nikasema. "Ni mama yako."

Bishar akamtaja mdogo wake mara tatu, sheikh akaisikia sauti yake, mashahidi wakaisikia, na Hodan akaozwa. Nilidhani yameisha, lakini Mzee Dahir hakuwa amesahau.

"Sasa mama, tulisikia nini?"

Nikaona heri nimalize. "Nilisema unaongea kama dalali wa mbuzi."

Akavuta ndevu. "Hapo umenikosea. Mimi ni dalali wa ng'ombe. Mbuzi nawaachia vijana."

Safari hii watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Baadaye chumbani Hodan akainamisha kichwa. "Maziwa nilimwambia Yusuf mimi, Ayeeyo. Na goti." Kumbe tangu netiweki iingie ndani, mtoto alikuwa ananong'ona na simu chini ya shuka kila usiku. Kwa hiyo mkinisema, semeni vizuri: maneno yalitoka nyumbani kwangu kweli, ila nilikishuku kisahani nikamwacha mwenye mdomo.

Zile taa mpaka leo siziamini. Nikipita natazama pembeni. Lakini Hodan yuko Masalani sasa, na akipiga namsikia hata akipumua, maana jioni waliyomchukua niliwaita wote wa nyumba, wakubwa na wadogo, nikawaambia: Hodan akipiga, simu ipokelewe hapa mkekani, sauti ifunguliwe, asitoke nayo mtu mpaka getini, na mkiona natafuta meza ya kupanda, nikalisheni chini mniulize namshuku nani.