Picha Yenye Kamaldine Hakukata

Mu Kasongo, kama uko na arusi, unatafuta muchele, kisha shehe, kisha Kamaldine. Wengine wanamutafuta Kamaldine mbele ya kumutafuta shehe, lakini hawasemi. Ni mutu wa miaka makumi ine na tano, tumbo kidogo, kamera ya zamani yenye amefunga na kamba ya kiatu, na ordinatere, kompyuta yake ya kukatia picha, yenye inazimika wakati inapenda. Anapiga picha za video za arusi, anazikata, anaziunganisha, anatia muziki, na watu wanalia mahali hawakulia siku yenyewe.

Hakuna mutu alimufundisha. Kazi ya kukata alijifunza na mahindi. Kila siku nyuma ya swala ya alasiri alikuwa anafungua filme ya kupigana, anazima sauti, anaweka mukebe kati ya magoti, na kila mara picha inaruka toka mutu moja kwenda kwa mwingine, anatupa punje moja ndani. Bibi yake wa ndoa, Aicha, alimuangalia siku tatu. Ya ine akauliza:

— Wenzako wanaangalia nani ameshinda. Wewe unahesabu mahindi?

— Ngoja, mama. Dakika mbili, punje sitini na moja.

— Na nani ameshinda?

— Sijui. Lakini nimeona kitu. Ngumi haikufika.

Ni kweli. Mu picha moja kuko mukono unakuja. Mu picha yenye inafuata kuko uso unaanguka. Mukono na uso havikukutana hata mara moja. Vinakutana mu kichwa ya mwenye kuangalia, na yeye mwenyewe njo anasikia uchungu. Kamaldine alirudilia pale mara kumi. Tangu siku ile akaanza kujaribu kila kitu. Akamupiga picha chefu wa karatye, mukubwa wa mutaa, mutu mufupi sana, kamera ikiwa chini karibu na viatu vyake. Chefu akatokea murefu sawa munara ya musikiti. Watu wenye walimujua kwa picha ile tu, walipokutana naye mu soko, walimusalimia, kisha wakaendelea kumutafuta. Akamupiga Aicha picha karibu na dirisha asubuhi, akapendeza. Akamupiga tena saa sita chini ya jua, macho yakaingia ndani, mudomo ukakauka, akafanana na mutu mwenye ametoka kufukuza mbuzi mu shamba. Bibi ni ule ule, siku ni ile ile. Aicha alisema picha ya saa sita ifutwe. Haikufutwa. Kamaldine anaichunga kwa ajili ya masomo.

Sasa, mwaka jana, Baraka akamufikia. Baraka ni kijana wa Kasongo mwenye anachimba zahabu kule Lusangi. Alipata muchumba mu kijiji cha Wamaza, jina lake Malaika. Lakini mama wa Baraka, Mama Binti, muuza vitenge mu soko, alisema hatatuma watu kuposa binti mwenye yeye hajaona na macho yake. Na njia ya Wamaza mvua ilikuwa imeikula, na pikipiki Mama Binti alishaapa hatapanda tena. Basi, Kamaldine aende na kamera.

— Yaya, wewe mukubwa wangu, kuko kitu kimoja, Baraka akasema. Miguu ya Malaika. Moja ni mufupi. Akitembea, anachechemea.

— Wewe unajua na unamutaka?

— Mimi namutaka hivyo hivyo. Lakini mama akiona ule muguu, arusi imekufa. Wewe kata tu hapa.

Akaonyesha kiuno.

— Na siku ya arusi? Tutamuleta amekaa?

— Siku ile mama atakuwa amekwisha kukubali.

Kamaldine alicheka, lakini akakubali. Na kusema kweli, ile kazi ilimuwasha mikono: alitaka kujua kama mutu anaweza kutengenezwa na makasi tu.

Njiani alitumia siku mbili, ya pili nusu yake akisukuma pikipiki. Asubuhi yenye ilifuata akamukalisha Malaika mulangoni mwa jikoni, mwanga ukimuingia upande wa shavu. Malaika anamenya muhogo, Malaika anacheka, Malaika anageuka. Kila kitu kinaishia kiunoni. Ni mwanamuke wa miaka makumi mbili na ine, mwenye anakuangalia mbele wewe hujamuangalia. Akaomba kamera, akaona.

— Papa Kamaldine, miguu yangu iko wapi?

Kamaldine akakohoa.

— Picha ni ndogo, mama. Haienei vitu vyote.

— Kuku ya nyuma yangu iko na miguu.

Ni kweli, kuku ilikuwa nayo, yote mbili.

— Baraka njo alikuambia?

Kamaldine akaangalia kamba ya kamera.

— Mimi nataka mama ule anione nikitembea, Malaika akasema. Nikifichwa, siku ya kwanza ataangalia muguu, na siku zote zenye zitafuata ataangalia muguu. Sikia. Nitatoka kwa chemchem na beseni ya maji juu ya kichwa, imejaa. Wewe simama hapa. Usikate.

— Toka kule mpaka hapa ni dakika tatu. Watu watasinzia. Mimi naonyesha chemchem, kisha uso, kisha nyumba. Sekonde kumi.

— Ukikata, watasema nilianguka katikati, maji ikamwangika, mukajaza ingine.

Kamaldine akaangalia njia ya chemchem. Mahindi yote yale, na hakuna punje moja yenye ilimuambia hivyo. Alijua kukata kunasema nini. Kutokata kunasema nini, hakuwa amejiuliza hata siku moja.

Akasimamisha kamera mbali, urefu wa macho ya Malaika, njia yote ionekane. Jua lilikuwa la upande, kivuli kikachechemea mbele, mwenyewe nyuma. Kidole cha Kamaldine kilimuwasha kuzima. Mwili wa Malaika ulishuka kushoto, ukapanda kuume, ukashuka, ukapanda. Beseni juu ilikuwa sawa imewekwa kwa meza. Shingo ilikuwa na kazi yake peke yake. Alipoitua, Kamaldine akainamisha kamera mpaka maji: yakatetemeka, yakatulia.

— Mama mukwe wangu aone ile, Malaika akasema.

— Nimesikia, Kamaldine akajibu.

Na kusikia, tunajua, si kukubali.

Alipofika Kasongo, Baraka akaangalia zote mbili, akachagua fupi yenye muziki. Wakaenda kwa Mama Binti, wakaiweka mu televizyo yake. Mama Binti aliangalia vile anaangalia kitenge, akitafuta mahali rangi imeruka.

— Uso ni muzuri. Muhogo anamenya. Sasa juu ya nini kila mara inaishia hapa kiunoni?

— Njo montaje, mama, ile kazi ya kukata na kuunganisha, Kamaldine akajibu.

— Montaje. Mimba ni ya nani?

— Hakuna mimba, mama, Baraka akasema.

— Basi hana miguu. Amekaa mu kasanduku? Kamaldine, wewe umekula kwangu tangu meno ya kwanza. Juu ya nini unanikatia binti wa watu nusu?

Hapo Kamaldine akaelewa: mahali yeye alificha muguu mufupi, Mama Binti alishaweka mimba na kasanduku.

— Kuko ingine, akasema.

— Yaya, Baraka akamushika mukono.

Kamaldine akaiweka. Mwanzoni Mama Binti aliona muguu, akasema "aa" ndani ya kifua, na Baraka akafunga macho. Kisha macho ya mama yakapanda mpaka beseni, yakabaki pale. Shingo yake ikakaza. Mukono ukainuka kidogo, sawa anataka kushika.

— Polepole, mwanangu, akaambia televizyo, hapo kuko jiwe.

Beseni ilipotuliwa, akatoa pumzi.

— Rudisha.

Akarudisha. Wakaangalia tena dakika zote tatu.

— Hukukata?

— Hata mara moja.

— Nani alisema usikate?

— Yeye mwenyewe.

— Na nani alisema ukate?

Baraka akaangalia vidole vya miguu yake.

— Wewe tutaongea, Mama Binti akasema.

Akachukua kiti, akakiweka inje, mu jua kabisa.

— Kamaldine, nipige picha na mimi. Naye aone anakuja kwa nani.

— Mama, tusogee mu kivuli, jua linakuchora vibaya.

— Hapa. Na usikate.

Akakaa. Akasema yeye njo Binti, kwamba asubuhi haongei na mutu mbele ya kunywa chai, kwamba chumvi anaipenda mingi na hataki kufundishwa. Akafukuza bata. Akapangusa jasho. Kamaldine hakuzima.

— Malaika, muambie baba yako, akasema kisha, njia ikikauka, watu wa kuposa watafika.

Baraka akaruka mbele ya kamera kumushika mama mikono.

— Toka, mama akasema. Unafunika picha.