Mkalimani wa Miguu Minane

Lori la Kilwa lilikuwa linaondoka asubuhi hiyo, na mama mkwe wangu alikwisha kufunga mzigo arudi kwao. Kesho yake alitakiwa kupasuliwa jicho. Ukungu ulikuwa umeziba moja na kuanza la pili. Mke wangu, mshonaji mtaa wa Kamalondo, alikwenda kazini akiniachia agizo: "Asitoke mpaka nirudi." Akasahau, au alijifanya kusahau, kwamba kwa desturi yetu mkwe hamtazami mama mkwe wala hamsemeshi.

Nilimpigia mke wangu simu mara sita. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Simu yake, bila shaka, ilikuwa imekufa. Nikazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama mkwe alikaa nyuma ya pazia, kwenye korido, mzigo magotini.

Ukutani, kando ya dirisha, alikuwapo buibui wa kijivu, bapa, mwenye vinyweleo vyeupe ubavuni, mdogo kuliko punje ya mahindi. Hawa hawategi kwa utando. Wanawinda kwa kunyemelea. Kila nilipopita, aligeuka mzima mzima kunikodolea yale macho mawili makubwa ya mbele.

Kwetu, asiyeweza kusema na mkwe humtuma mtoto. Watoto walikuwa shuleni.

"Buibui," nikasema kwa sauti, mimi mwenye diploma mbili za chuo kikuu, "ambia mama angoje kidogo."

Kisha, nyuma ya pazia: "Buibui, ambia mukwe: miye shitaki kisu mu macho. Kamio ya Kilwa iko nangoja."

"Buibui, weye uko na macho munane, ambia mama…"

"Munane? Muongo! Iko nafanya nayo nini yote?"

Nzi akatua. Nikatangaza kama mtu wa mpira redioni: buibui anageuka, ananyata, anasimama, anabandika uzi ukutani, anaruka. Amekosa!

"Ameanguka?"

"Hapana, mama." Nikajiuma ulimi. "Buibui, ambia mama uko unaninginia. Kila mara mbele ya kuruka, unafunga uzi."

"Na miye, uzi yangu iko wapi?"

Nikarudia kuzunguka. Nje teksi ya kumpeleka kwenye lori ikapiga honi; nikasikia mzigo ukiinuliwa. Nikamtafuta buibui: alikuwa ameingia nyuma ya fremu ya dirisha. Nikauambia ukuta mtupu:

"Buibui, ambia mama: kesho mukwe atamupeleka mpaka ku mulango ya dokotoro."

"Mukwe? Na haya yake yote?"

"Atatembea mbele, mugongo ku mama. Na kurudi, mama atakuwa na bandeji. Nani ataangalia nani?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Mzigo ukatua sakafuni.

Kesho yake tulivuka uwanja wa hospitali, mimi mbele nimeshika ncha moja ya kitenge, yeye nyuma ameshika nyingine. Watu wakatutolea macho. Nilitaka tufike upesi, nikaongeza hatua. Kitenge kikavutwa kwa nguvu.

"Weye, buibui," akaniita. "Polepole."