Jumapili Niliyoomba Pikipiki Yangu Ishindwe

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini kwa kabureta nitajisifu kidogo, mnivumilie. Hapa Kalemie pikipiki ya taksi ikianza kukohoa, mwenyewe ananiletea mimi. Naiwasha, nainamisha kichwa, nasikiliza, nageuza skrubu ya hewa robo tu, kikohozi kinaisha. Kwa hiyo vijana wa taksi walipoanzisha mashindano yao nyuma ya stasheni ya reli, kwa pikipiki zilezile wanazobebea abiria na magunia ya mihogo wiki nzima, nilivimba kichwa kabla hata ya mbio za kwanza.

Sheria yao ni moja: mshindi anafunguliwa injini palepale, mbele ya watu wote, kuanzia kabureta. Ilitungwa baada ya mjanja mmoja kuweka pistoni kubwa kuliko za wenzake, halafu akatuapia kwamba ni nguvu ya maombi. Kufungua kunafanyika juu ya meza ya mama anayeuza mandazi kwenye mstari wa mwisho, maana meza nyingine hakuna. Mama huyo ni mke wangu.

Bon. Jumanne, siku tano kabla ya mashindano, nilikuwa namalizia injini ya dereva ninayemtengenezea pikipiki ya mbio, kijana mwembamba asiyeogopa kona yoyote. Ilibaki gasketi tu, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya kabureta na injini ili hewa isipenye. Kadibodi ya boksi la biskuti ilikuwa nyepesi mno, ya boksi la sabuni nene mno. Nikaingia ndani, nikapapasa chini ya godoro, mahali mke wangu anapowekea karatasi za nyumba, nikatoka na kadi moja ya kijani, ngumu, kuukuu, unene wake sawasawa kabisa. Miwani sikuvaa. Nilidhani ni kadi ya zamani ya kupimia watoto uzito. Nikakata. Ilikaa vizuri, jamani, mpaka nikapiga mluzi.

Jumatano jioni nikakuta nyumba imepinduliwa, godoro limesimamishwa ukutani. Mke wangu alikuwa anatafuta kadi ya ubatizo ya binti yetu. Binti ana miaka kumi, komunio yake ya kwanza ilikuwa Jumapili inayofuata ile ya mashindano, na katekista alikuwa amesema wazi: asiyeleta kadi, jina linafutwa. Gauni jeupe lilishashonwa, linaning'inia kwenye msumari. Binti amekaa chini yake, analia.

"Ilikuwa ya rangi gani?" nikauliza.

"Ya kijani, Papa."

Hapo nikaelewa nilichokata. Mwanaume mwenye akili angesema palepale. Mimi je? Nilishika godoro nikaanza kutafuta pamoja nao. Na nilitafuta kwa bidii! Nilitafuta mpaka ndani ya debe la unga.

Alhamisi nikaenda parokia kwa siri kuomba kadi nyingine. Mlinzi akaniambia sekretari amepanda boti kwenda Moba, anarudi Jumatatu. Haya, nikajiambia, ninyamaze mpaka Jumatatu. Ile gasketi nisingeweza kuitoa, dereva alishachukua pikipiki yake na alikuwa barabarani na abiria mpaka Jumamosi. Na nikiri kitu: ilikaa vizuri mno, sikutamani kuitoa. Basi lilibaki jambo moja tu. Jumapili tusishinde.

Jumapili saa sita, watu wametoka misa, jua linachoma. Dereva wangu akanijia meno yote nje. "Papa fundi, leo tunawala!" Nikainama kana kwamba nasikiliza injini, nikaigeuza ile skrubu ya hewa nusu nzima. Nusu nzima! Kwa fundi wa kabureta, hiyo ni dhambi ya kuungama. Kijana akanishukuru kwa mikono miwili, nami nikatazama pembeni.

Kumbe ile Jumanne skrubu niliipima asubuhi mapema na baridi ya ziwa, na sasa, kwenye hewa ya moto, ile nusu ndiyo iliyokuwa inakosekana. Injini ikaimba. Sijawahi kuisikia injini yangu yoyote ikiimba hivyo, na hapo nilikuwa nimeiharibu makusudi. Mzunguko wa tatu dereva wangu yuko mbele. Watu wananipiga mgongoni, "Fundi! Fundi!", na mimi moyoni nasali: Ee Bwana, mnyororo tu uteremke, mtoto wa watu asiumie, mnyororo tu. Bwana hakutaka kuingia katika mambo yangu. Tulishinda kwa urefu wa kiwanja.

Aliyefungua kabureta ni fundi mwenzangu wa upande wa pili wa mto, na alifungua kwa raha ya mtu aliyeshindwa. Akaitoa gasketi, akaifuta kwa kidole, akaiinua juani.

"Aka! Hii iko na muhuri ya parokia!"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. "Fundi amebatiza injini!" Mwenzangu akauliza kama sheria inaruhusu pikipiki yenye sakramenti. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa hofu tu. Mke wangu akaacha mandazi kwenye mafuta, akaja, akaichukua ile duara nyeusi mikononi. Nusu ya muhuri wa zambarau ilionekana, na herufi nne za mwisho za jina la binti yetu. Yeye hakucheka.

"Karte si kitu," akasema, bila kupaza sauti. "Tungeomba ingine. Lakini uliona mutoto analia siku ine, na weye unainua godoro pamoja naye?"

Kicheko kikaisha. Binti alikuwa nyuma yake, ameshika sinia.

"Papa, ulijua?"

Mbele ya watu wote wale. "Nilijua," nikasema. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na mandazi yakaungua, hakuna aliyeyageuza.

Jumatatu tulikwenda parokia watatu. Sekretari akafungua kitabu kikubwa, akaandika kadi mpya kwa muda mfupi kuliko wa kubadilisha plagi. Jina halikufutwa, gauni likavaliwa. Lakini binti yangu alikaa wiki mbili bila kuja karakana, yeye aliyezoea kunishikia spana.

Siku aliyorudi alinikuta na mkasi mkononi na kipande cha kadibodi. Akakichukua, akakigeuza, akakisoma pande zote mbili polepole, kisha akanirudishia.

"Hii hakuna muntu anaililia, Papa. Kata."