Nyundo ya mzee wangu wa Katwe ilivyoukataa wimbo wangu

Wakuu, habari za huko mliko.

Niko Makindye, Kampala, chai ipo mezani, na leo naandika jambo lililonikuta mwenyewe. Sitii chumvi.

Natengeneza muziki wa kielektroniki kwa laptop, ule wa biti nzito usio na maneno. Watu huniuliza sauti nazitoa wapi. Jibu ni kwamba naiba.

Wimbo wa kwanza ni cherehani ya jirani. Wa pili ni wapakuzi wa Kisenyi wakirusha magunia ya mchele. Wa tatu ndio ulionitoa jasho.

Mzee wangu ni mwanajeshi mstaafu. Alipotoka jeshini alifungua karakana Katwe, anafua majiko ya mkaa, sisi tunaita sigiri. Nilifanya naye kazi miaka minne, kisha nikaacha nikaingia kwenye muziki.

Hakunifokea. Ila tangu siku hiyo hakuwahi kuuliza habari za wimbo hata mmoja. Iliniuma sana, wakuu. Nilitaka huu wa tatu uwe wake, labda atausikiliza.

Basi nikaenda Katwe kama nimekuja kusalimia, simu inarekodi mfukoni huku yeye akigonga bati.

Nyumbani nikasafisha rekodi. Kati ya pigo na pigo la bati kulikuwa na mlio mdogo, nyundo ikigusa fuawe, kile chuma anachofulia. Nikaona ni uchafu, nikaifuta milio yote. Mapigo nikayapanga yakawa sawa kama gwaride.

Wimbo ukawa mkali lakini hauchezeki. Rafiki yangu Aisha, ambaye hucheza hata king'ora cha ambulensi, alisimama dakika moja akakaa.

"Unachosha. Sijui kwa nini."

Wiki tatu nahangaika nao, na nilishaahidi kuupiga kwenye tamasha dogo la Jumamosi mchana. Mwishowe nikameza aibu, nikaenda kumvalisha mzee headphone. Akasikiliza amefumba macho, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha jeshini.

"Nani huyu napiga?"

"Ni wewe, mzee."

"Hapana. Huyu si mimi. Huyu mtu saa moja hafiki, bega nakufa."

Akashika nyundo kunionyesha. Anapiga bati, halafu anaiachia nyundo idunde yenyewe juu ya fuawe.

"Hapa mkono napumzika. Hii kitu nilikufundisha, wewe nasahau?"

Kweli alinifundisha, nami nikasahau. Niliona haya kuliko hata siku ile niliyoacha kazi.

Bahati nzuri rekodi ya awali nilikuwa nayo (vijana wa studio, msiifute kamwe). Nikairudisha milio yote, hata iliyochelewa kidogo.

Jumamosi mzee akaja, shati limenyooshwa pasi ya kijeshi, akakaa nyuma karibu na mlango. Watu walicheza, Aisha wa kwanza. Mimi nilikuwa namtazama mzee tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa gotini, unapiga, unapumzika, unapiga.

Nilichojifunza ni kwamba kabla sijafuta sauti ya mtu, nimuulize kwanza inafanya kazi gani.

Nanyi mafundi, wapishi, washonaji humu ndani, mlishawahi kuondoa kitu mkidhani ni uchafu? Semeni, nasoma yote.

Nilikuwa nasahau. Wakati wa kutoka, mzee alinishika bega akaniambia maneno matatu tu.

"Sasa ni mimi."