Dawa Iliyoniponya Mimi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimwaga uji wote, na haikuwa kwa sababu ya baridi ya Kericho. Mume wangu Odhiambo alikuwa akitokwa na damu puani kwa sababu yangu.

Ngoja nianze mwanzo. Sisi wazee hurukaruka. Nilikuwa mke mpya katika kambi ya chai, mbali na ziwa letu. Nilikonda, ngozi ikakauka, usingizi ukanihama. Mama Jamna, mamake Mhindi mwenye duka, alinipima mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, akaniuliza nalalaje, nala nini. Akanipa tangawizi na pilipili manga zilizosagwa, nichanganye na samli. Nikapona. Nikajiona daktari!

Odhiambo alipolalamikia kiungulia, sikuuliza mtu. Yeye alikuwa mtu wa jasho, njaa ya haraka na hasira za papo hapo. Nikasema dawa ya moto ni moto, nikamkorogea unga uleule. Siku ya tatu mwili ukawaka, damu ikaanza.

Niliogopa atakufa. Na nikuambie ukweli, nilimwogopa zaidi mama mkwe, aliyekuja kututembelea na kunong'ona kwamba mke asiye na mtoto humpikia mume vitu vya uchawi. Nikaficha karatasi iliyofungiwa unga ule chini ya kitanda. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Damu ilipokataa kukoma, niliichukua karatasi ile nikakimbia dukani, matope hadi magotini.

Mama Jamna alikuja, akanifokea mbele ya mama mkwe. "Wewe iko mtu ya upepo, mwili kavu, baridi. Yeye iko mtu ya moto! Mungu napa kila mtu mwili yake. Kwa nini hapana uliza?"

Nikakiri yote. Akamnywesha maji ya dania iliyolowekwa, kisha maziwa. Siku mbili sikuketi. Ya tatu Odhiambo akanigombeza kwamba ugali umechelewa, nami nikalia kwa furaha.

Mama mkwe akanipokea mwiko. "Kama ungenyamaza," akasema, "ningewazika nyinyi wawili."

Mwanangu, kilichokuponya wewe chaweza kumuua anayelala kando yako. Mjue mtu kwanza, halafu dawa. Na ukikosea, sema mapema, hata kama ulimi umekauka kwa hofu. Kupotea njia ndiko kujua njia, ila mimi nusura nimpoteze mtu. Mungu akupe mkono wa kuponya na mdomo wa kuuliza, na watu wako waamke wazima kila asubuhi.