Kundi la Watu Arobaini

Mama wa duka la dawa za mifugo hapa Ruring'u hupangusa simu kwa koti lake jeupe kabla ya kumjibu mtu. Husikiliza sauti ya mkulima mpaka mwisho, macho amefumba, halafu huirudia tena. Kundi lake la wafugaji kwenye simu ni la kulipia na lina watu arobaini tu. Langu mimi, Baba Shiku, ni la bure, lina elfu tisa, na ukiuliza kuhusu kiwele utajibiwa na wauza viwanja. Inaniuma. Nilijiunga kwake kwa laini ya mke wangu, Tabby, nikawa nayachukua majibu ya huyo mama na kuyabandika kwangu kama yangu. Juzi asubuhi ng'ombe wangu alivimba tumbo, na wale elfu tisa hata sikuwakumbuka. Nilimwandikia yeye, kama Tabby. Akajibu kwa sauti yake ya polepole, kama anayemtuliza ndama: "Mpatie mafuta ya kupika, nusu lita. Usiinue kichwa sana. Halafu umtembeze." Ng'ombe alipoanza kucheua, ukaingia ujumbe wa pili. "Sasa Baba Shiku, ukipeleka hii kwa grupu yako, andika yote. Ile ya wiki jana uliacha nusu."