Serikali Haina Utani

Jumatatu nilikuwa bomani Kilwa nikingoja kibali, alipofika mzee kipofu wa Njinjo, ameshikwa mkono na mtani wake. Mtani huyo humwongoza kila aendako, na halipwi hata sumni.

"Nyanyua kwato, punda wee! Vidato vitatu. Ukianguka, sanda yako naiuza!"

Mzee akapanda ngazi za boma huku anacheka.

Karani mpya wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akatoka mbio, kalamu sikioni. "Kipofu anatukanwa mbele ya ofisi?"

"Ni watani hao," nikamwambia.

"Serikali haina utani!" Akamfukuza mtani hadi barabarani, kisha akarudi na kuinama. "Shikamoo, mzee. Leo nitakuongoza mwenyewe, kwa heshima."

"Marahaba, mwanangu."

Heshima ina kasoro moja: haihesabu vidato. Shauri la mzee lilipokwisha, karani alimtoa nje, amemshika kiwiko kwa vidole viwili, akamnong'oneza, "Tafadhali, mzee wangu, uangalie kidogo hapo..."

Hapo wapi? Mzee aliteremka vidato vyote vitatu kwa makalio.

Karani akamwangukia miguuni kuomba radhi. Mzee akapapasa kofia yake mchangani, akaivaa.

"Nimekusamehe, mwanangu. Sasa niitie yule anayenitukana."